Vinundu vigumu mikononi: ni sugu au chunjua? Mashine ya alama za vidole imenikataa

Mangi wa Gogoni (Moshi)

Habarini wakuu. Wakubwa shikamooni.

Mimi ni mtu wa bucha, hapa Moshi mitaa ya Pasua, na huu ni mwaka wa 11 nasimama nyuma ya gogo. Nina jambo ambalo nimelidharau karibu mwaka mzima, sasa limenitia aibu mbele za watu, ndiyo maana naleta hapa.

Mwaka jana mwezi wa 10 niliona kitu kama punje ya ulezi pembeni ya ukucha, kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Kigumu, kikavu, hakiumi. Sikuhangaika nacho. Mkono wa mkata nyama hauwezi kuwa laini kama wa karani wa benki, nikasema hii ni sugu ya mpini wa kisu, sote tunazo. Kikakua polepole. Kufika Pasaka kilikuwa kama punje ya hindi na juu yake kimepasukapasuka, ukikitazama karibu ni kama ganda la fenesi.

Siku moja usiku nikakaa chini na wembe nikakipunguza. Damu ikatoka, lakini si kama damu ya kujikata. Ilitoka kwa vitone vidogovidogo, kimoja hapa kingine pale, kama mtu kanichoma na ncha ya sindano mara kumi. Na mle ndani nikaona vidoa vyeusi. Nikajua tayari, hivi ni vibanzi vya mfupa, maana ukipasua goti la ng'ombe kwa shoka vibanzi huruka popote. Nikachukua sindano ya kushonea ya mama watoto nikachokonoa nusu saa nzima. Hakuna kibanzi. Na wembe ule ule (msinicheke) asubuhi nikanyolea ndevu.

Sasa hivi vipo saba. Kile cha kwanza, viwili vingine vimezunguka ukucha huo huo, kimoja katikati ya dole gumba la kulia, viwili mgongoni mwa mkono wa kushoto, na kimoja kiganjani chini ya kidole cha kati. Kuna kitu kingine kidevuni, chembamba kama uzi uliosimama, sijui kama nacho kinahusika.

Aibu yenyewe ni hii. Wiki iliyopita simu yangu iliibiwa stendi, nikaenda kwa wakala kurudisha laini. Dada akaniambia weka dole gumba. Nikaweka, mashine ikalia, imekataa. Nikafuta kwenye suruali, nikaweka tena. Imekataa. Akanipa kitambaa chenye spiriti. Imekataa. Foleni nyuma yangu inaguna. Yule dada akanishika dole, akaligeuza kwenye mwanga, akasema kwa sauti ambayo hata bodaboda wa nje walisikia: "Kaka, mbona wewe hapa katikati huna alama?" Tukatumia kidole kingine, kikakubali.

Jumapili yake, mama mmoja mteja wangu wa miaka, ambaye kila wiki huchukua kilo na nusu ya nyama ya mtori, akanitazama mkono kwa muda. Kisha akasema taratibu, "Mangi, nikatie wewe, ila mwache kijana ndiye anifungie." Hakunitukana. Lakini wakuu, lile neno limenikaa kifuani mpaka leo.

Ushauri niliopewa mtaani: Bibi yangu kule Kibosho anasema ni kwa sababu utotoni nilikuwa nashika vyura kwenye mfereji. Jirani yangu fundi cherehani kasema hayo ni masundosundo, yale ya sehemu za siri, na mama watoto alipolisikia hilo neno hajaongea na mimi vizuri siku tatu. Kijana wangu wa bucha anasema nimeambukizwa na ng'ombe, kwa sababu mnadani amewahi kuona ndama ana manundu kama koliflawa usoni.

Naomba mwenye kujua anieleze: nitajuaje kama hii ni sugu, chunjua, au ugonjwa mwingine? Na je, ni haki niendelee kushika nyama ya watu?

---

Kiti Moto Si Dhambi

Mangi, taja jina la bucha ili tujue pa kutokwenda 😂

Natania. Pole sana ndugu yangu. Nasubiri wataalamu.

---

Chalii wa Betri (Arusha)

Mzee, mimi sina majibu yako yote ila nina onyo, na nakuandikia kwa mkono wenye kovu.

Nafanya kazi ya betri za magari Unga Limited. Miaka minne iliyopita nilitokewa na kitu kama hicho chako, kimoja tu, mgongoni mwa mkono juu ya kifundo cha kidole. Jamaa wa hapa gereji wakasema, chalii unahangaika nini na dawa iko mbele yako? Wakachovya njiti ya kiberiti kwenye asidi ya betri wakanidondoshea. Nilipiga kelele mpaka wauza spea wa jirani wakaja kuangalia. Kidonda kilichukua wiki sita, kikatunga usaha, kidole kikawa hakikunji. Baadaye kikapona na kuacha kovu jeupe la mviringo.

Sasa sikiliza uchungu. Miezi miwili baadaye vikaota vipya kuzunguka lile kovu, kama shanga. Kimoja kimekuwa saba! Usijaribu asidi, wala petroli, wala msumari wa moto. Kila gereji ina daktari wake na wote ni waongo.

---

Tabibu wa Zamu ya Usiku (Kilimanjaro)

Mangi, umeeleza vizuri kuliko wagonjwa wengi wanaokaa mbele yangu. Mimi ni tabibu. Siwezi kukupima kwa maandishi, lakini nitakuonyesha vitu vya kutazama, ujipime kwanza mwenyewe kisha uende kwa mtu akushike mkono.

Nianze na yule dada wakala, maana bila kujua amefanya uchunguzi mzuri kuliko wote mtaani kwenu. Ngozi ya kiganja na vidole ina mistari, ndiyo hiyo mashine inaisoma. Sugu ni ngozi ile ile yako iliyonenepa kwa kusuguliwa, kwa hiyo mistari hupita juu yake bila kukatika, kama barabara inayopanda kilima na kushuka upande wa pili. Chunjua ni ngozi iliyovamiwa na kirusi ikakua bila mpangilio. Mistari ikifika pale hukatika au husukumwa pembeni, halafu huendelea upande wa pili. Kama katikati ya dole lako hakuna alama, basi hapo sidhani kama ni sugu.

Fanya hivi. Loweka mikono kwenye maji ya uvuguvugu dakika kumi, ifute, kaa gizani, washa tochi ya simu na uilaze ubavuni mwa kidole ili mwanga upite kwa ulalo. Usimulike kutoka juu, hutaona kitu. Fuata mistari kwa jicho, kinundu kimoja kimoja.

Cha pili ni vidoa vyeusi. Hivyo si vibanzi vya mfupa, na watu wengi huviita mizizi lakini si mizizi pia. Ni mishipa midogo ya damu iliyopanda ndani ya chunjua, damu ikaganda humo. Ndiyo maana ulipokwangua ulivuja kwa vitone. Sugu ukiikwangua unakuta ngozi ya manjano iliyokauka, unaendelea kukwangua unakutana na ngozi nzima, na damu huioni mpaka uwe umejikata kwa ujinga.

Cha tatu, jaribu kukibana kwa pembeni kati ya vidole viwili kama unamfinya mtoto, kisha ukibonyeze kutoka juu. Sugu huuma zaidi ukiibonyeza, chunjua huuma zaidi ukiibana pembeni. Kipimo hiki si cha kuapia, na kwenye nyayo kinasaidia zaidi kuliko mikononi, lakini ukikiunganisha na vile viwili vya kwanza kinakupa picha.

Cha nne ni akili ya kawaida tu. Sugu hukaa pale chombo kinaposugua. Mpini wa kisu unashikwa na kiganja. Mgongo wa mkono wa kushoto unashika mpini gani? Na pembeni ya ukucha je? Kile cha kiganjani chini ya kidole cha kati, hicho ndicho nakitilia shaka kwamba huenda kweli ni sugu. Kitazame vizuri.

Kuhusu chanzo. Ni kirusi kinachoitwa HPV, kina aina zaidi ya 200, na kila aina ina mahali inapopenda. Za mikononi mara nyingi ni aina ya 2, 4, 27 na 57. Zinazoleta masundosundo ya sehemu za siri kwa kawaida ni ya 6 na ya 11. Kwa hiyo mwambie mama watoto arudishe uso wake wa zamani, chunjua ya kidole si ushahidi wa kitu chochote ulichofanya gizani. Vyura hawahusiki kabisa, ngozi yao ina manundu yao wenyewe. Na ng'ombe? Kijana wako hakukosea kuona: ndama kweli hutokewa na chunjua usoni na shingoni. Lakini kirusi cha ng'ombe ni cha ng'ombe, hakihamii kwa binadamu.

Hata hivyo kazi yako inahusika, na hapa ndipo penye ajabu. Wakata nyama duniani kote hupata chunjua za mikono kuliko watu wengine, na kuna aina moja, ya 7, ambayo imeonekana zaidi kwa watu wa bucha na wanaoshika samaki. Ni kirusi cha binadamu, hakitoki kwenye nyama. Kinachokisaidia ni mikono iliyolowa mchana kutwa, baridi ya nyama, na mikato midogo ya kisu na mifupa. Ngozi iliyolowa inafungua mlango, mkato unakuwa kizingiti. Kirusi kikishaingia hukaa kimya mwezi mmoja, sita, wakati mwingine zaidi ya mwaka, kwa hiyo usitafute mtu wa kumlaumu.

Sasa nikugombeze kidogo. Wembe! Kile kidevuni chembamba kama uzi, kwa maelezo yako, ni chunjua ile ile iliyovaa nguo nyingine, usoni hupenda kuota hivyo. Umeisafirisha mwenyewe kutoka kidoleni. Tupa wembe huo, na hicho cha kidevuni usikipake dawa yoyote ya duka, uso una taratibu zake.

Nitaendelea kuhusu dawa, kuna mgonjwa ameletwa.

---

Bibi wa Mgombani (Machame)

Marahaba mwanangu Mangi, na wengine wote.

Mjukuu wangu alipokuwa darasa la tatu alitokewa na chunjua kumi na nne, nilizihesabu mwenyewe, vidole na magoti. Alikuwa mtafuna kucha yule mtoto, anatafuna kama panya wa ghalani. Mimi nilikulia kwenye dawa za shambani, nikaenda kwenye ua wa mnyaa nikavunja kijiti, yale maziwa yake nikampaka. Siku ya tatu shangazi yake akasema ngoja nikusaidie. Kijiti kikakatika kikamrukia jichoni. Mwanangu, nimezaa watoto sita lakini sijawahi kusikia kilio kama kile. Tulimwosha jicho kwa maji ndoo nzima, tukakimbilia hospitali, alikaa hajui mchana wala usiku upande mmoja karibu wiki. Mungu saidia lilirudi. Ule ua niliung'oa wote.

Chunjua za mtoto nikaziacha. Mwaka uliofuata namwogesha Jumamosi naona magoti safi, vidole safi, sijui ziliondoka siku gani. Jirani yangu anasema ni maombi yake. Mke wa mjomba wake anasema ni uzi alioufunga na kuuzika mgombani. Mimi nilikuwa sijafanya kitu mwezi wa nane huo, lakini niliwaachia wagawane sifa.

---

Tabibu wa Zamu ya Usiku (Kilimanjaro)

Shikamoo bibi. Umesema jambo ambalo ningeandika aya tatu kulieleza. Kwa watoto, karibu nusu ya chunjua huondoka zenyewe ndani ya mwaka, na kama theluthi mbili ndani ya miaka miwili, mwili ukishakigundua kirusi. Ndiyo maana kila dawa ya kienyeji ina shahidi wake. Kwa watu wazima zinachelewa zaidi, na wewe Mangi umeshakaa nazo karibu mwaka na zinaongezeka.

Dawa ya kwanza ni asidi ya salisiliki, ipo madukani ya maji au ya kupaka, nguvu yake kwa chunjua huwa kati ya asilimia 15 na 40. Chalii usishtuke kusikia neno asidi, hii si ya betri, hii inalainisha ngozi tabaka kwa tabaka. Kila jioni loweka mkono maji ya uvuguvugu dakika tano hadi kumi. Sugua chunjua kwa tupa ya kucha au kipande cha msasa, taratibu, usitafute damu. Paka mafuta ya mgando kuizunguka ili ngozi nzima isiungue, kisha dondoshea dawa juu yake tu, acha ikauke, funga plasta. Asubuhi itakuwa nyeupe kama ngozi iliyokaa majini. Ukiona pamekuwa pabichi na panauma, pumzika siku mbili tatu. Ile tupa ni ya chunjua tu, asiishike mtu mwingine nyumbani, na mwisho wa matibabu itupe.

Ugumu wake hauko kwenye dawa, uko kwenye kalenda. Inataka wiki 12. Wengi huacha wiki ya tatu wakasema haifanyi kazi. Na kama una kisukari, au vidole vina ganzi, usianze bila kuonana na daktari.

Nyama: endelea na kazi, lakini funika. Plasta isiyopitisha maji, juu yake glovu, na glovu ikitoboka ibadilishe, usiivae kwa mapambo kama nionavyo baadhi ya mabucha ambako mtu anapokea pesa na kukata nyama kwa glovu moja tangu asubuhi. Nyama iliyopikwa haitampa mteja chunjua. Unaoweza kuwapa ni kijana wako mkibadilishana kisu chenye mpini uliolowa, na watoto wako kwenye taulo.

Yale yasiyo chunjua yanayoigiza chunjua ni machache, nitataja yanayokuhusu. Vipele laini vinavyong'aa vyenye kibonyeo katikati kama kitovu ni kirusi kingine kabisa, huwapata watoto zaidi. Bamba gumu lenye magamba linalotanuka polepole upande mmoja huku upande mwingine likipona kwa kovu, kwa mtu wa machinjio au bucha, hilo linaweza kuwa kifua kikuu cha ngozi, nalo lina matibabu yake. Kidonda kigumu kisichopona miezi mingi, kinachotoka damu chenyewe, au kinachoota haraka, hasa kwa mzee au aliyekaa juani maisha yote, hicho kikatwe kipande kipelekwe maabara. Na mwenye ualbino akiona kitu kigumu chenye magamba mkononi asikiite chunjua hata siku moja. Aende kliniki ya ngozi wiki hiyo hiyo.

Jambo la mwisho, nalisema kwa kila mtu si kwako peke yako: mtu mzima mwenye chunjua nyingi sana, zinazoenea haraka na kukataa kila dawa, apime kinga ya mwili, ikiwemo VVU. Ukiwa nazo saba mikononi na unafanya kazi ya maji siwezi kusema ni dalili, lakini kupima hakuna hasara.

Una bahati uko Moshi. Pale hospitali ya KCMC kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi tangu 1992, matabibu wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika wamesomea hapo. Watu wanapanda basi usiku kucha kufika, wewe unapanda daladala.

---

Mama Doreen

Samahani naingilia. Binti yangu alichanjwa shuleni ile chanjo ya wasichana ya HPV. Sasa mbona ana chunjua kidole cha kati? Ina maana chanjo haikushika?

---

Tabibu wa Zamu ya Usiku (Kilimanjaro)

Hapana mama, imeshika kazi yake. Ile chanjo iliyoanza kutolewa nchi nzima 2018 inazilenga aina zinazoleta saratani ya mlango wa kizazi, hasa ya 16 na 18. Za vidoleni hazimo. Ni ukoo mmoja, nyumba mbalimbali. Muulize kama anatafuna kalamu au kucha.

---

Mangi wa Gogoni (Moshi)

Wakuu, nimefanya kama tabibu alivyosema. Jana usiku umeme ulikuwa umekatika, giza la bure. Nikaloweka mikono kwenye beseni, mwanangu wa kidato cha pili akashika tochi ya simu, tukaanza kutembelea kinundu kimoja kimoja kama watu wanaokagua shamba.

Dole gumba: mistari inakuja vizuri kutoka chini, inafika ukingoni inasimama kama imekuta ukuta, inazunguka. Katikati kama vichwa vya njiti vimebanana, na vidoa vyeusi vinne. Dogo akapiga picha akaikuza, tukatazamana tu. Nimekaa na hicho kitu miezi mitano nakiona kila siku ninapohesabu chenji, na sikuwahi kukiona.

Cha kiganjani: mistari inapita juu yake yote, haikatiki, rangi ya njano, kingo hazionekani zinaishia wapi. Nikakibana pembeni hakuna kitu, nikakibonyeza kikauma. Nikachukua kisu changu cha kuchunia nikakishika: mpini unakaa pale pale. Hiyo ni sugu yangu halali, nimeitolea jasho.

Hivyo vingine vyote ni chunjua. Mama watoto nimemsomea ile sehemu ya aina ya 6 na 11. Hakusema kitu, ila leo chai ilikuwa na maziwa.

Dawa nimepata duka la mjini, bei yake haifiki kilo moja ya steki.

---

Kiti Moto Si Dhambi

Chai ya maziwa ni hukumu ya rufaa hiyo Mangi, umeshinda kesi.

---

Mangi wa Gogoni (Moshi)

Narudi kuwapa mrejesho, leo ni wiki ya 13 ya dawa.

Nilikaribia kuacha wiki ya nne, nisiwadanganye. Kila jioni beseni, msasa, mafuta, plasta, na asubuhi niko gogoni saa 11. Wiki mbili za kwanza sikuona lolote zaidi ya ngozi nyeupe inayotoka kama maganda ya kitunguu. Wiki ya sita zile mbili za mgongo wa mkono zikawa bapa. Wiki ya nane moja ilitoka nzima na plasta, chini yake ngozi ya pinki kama ya mtoto. Niliitazama ile plasta muda mrefu kuliko inavyofaa.

Dole gumba lilichelewa. Kumbe nilikuwa naangalia kitu kisicho. Mimi nilisubiri pawe laini, na palikuwa laini mapema. Tabibu aliniandikia pembeni akasema, usiache mpaka mistari irudi, ikirudi ndiyo ujue ngozi imepona. Basi kila Jumapili tochi. Mistari ilianza pembeni, ikawa inasogeleana, na kati ya wiki ya 11 na ya 12 ikakutana.

Zile tatu za ukucha ni wakorofi. Mbili zimepungua, ile ya kwanza kabisa ilishajificha chini ya ukucha, ukucha umeinuka. Nikaenda kliniki ya ngozi. Daktari, binti mdogo kuliko nilivyotegemea, akaitazama kwa kioo chake chenye taa, akauliza kazi yangu, nikasema bucha, akatabasamu kama mtu aliyekuta mkoba wake. Wakaigandisha kwa naitrojeni ya maji, nyuzi 196 chini ya sifuri. Inatoa moshi kama friji ya nyama ukiifungua mchana wa joto. Sekunde chache za kwanza nikasema hii tu? Zilizofuata nilikuwa naangalia dari. Ukishawahi kushika nyama iliyoganda kwa mkono mtupu, halafu ukapaka pilipili kichaa hapo hapo, unajua ninachosema. Siku ya pili palituna lengelenge la damu. Ameniambia panaweza kubaki doa jeupe kwa ngozi zetu hizi, nikamwambia doa halinikeri. Nimerudi mara mbili kila baada ya wiki tatu, bado mara moja. Cha kidevuni walinichoma sindano ya ganzi wakakiondoa kwa umeme, dakika tano, kimekwisha. Na nilipima kile kipimo kingine. Niko salama.

Chalii wa Betri, yule daktari anasema uende na hizo shanga zako, anasema si wewe wa kwanza.

Yule mama wa mtori bado anakuja. Sijamweleza chochote. Sasa navaa glovu za bluu na nazibadilisha kila saa, na Jumapili iliyopita alinipa mfuko wake mwenyewe mkononi, nikafunga. Sijui kama aligundua amefanya hivyo.

Jana nilikwenda kwa wakala yule yule kusajili laini ya mwanangu kwa jina langu. Dada hakunikumbuka. Akasema dole gumba. Mara ya kwanza ikakataa, moyo ukanilipuka. Akasema, "Umebonyeza sana kaka, weka taratibu." Nikaweka taratibu. Ikapita.

Swali langu jingine, tabibu, ukipata nafasi: huyu dogo aliyekuwa ananishikia tochi, nimemkuta ana kitu kama punje ya ulezi pembeni ya ukucha wa kidole kidogo. Tumekilaza tochi. Mistari inazunguka. Nianze dawa au niiache kama alivyofanya bibi?